Daftari Lisilosomwa na Mwalimu

Kila muhula wa pili ukifika katikati, karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko la shule hurefuka. Ni orodha ya wanafunzi wa chakula maalumu, wale wasiokula githeri ya mahindi na maharagwe kwa sababu wana vidonda vya tumbo. Yeyote aliyefundisha shule ya bweni kati ya Nyeri na Meru anaijua orodha hiyo. Wamo wenye vidonda kweli, na barua za daktari wanazo. Wamo waliochoka na githeri tu, na siwalaumu. Kisha liko kundi la tatu, ambalo ndilo lililoniingiza katika kazi ninayoisimulia hapa: watoto wanaoumwa na tumbo hasa, wakapelekwa hospitali, wakapimwa, kisionekane kidonda, wakarudi na vidonge vya asidi na maumivu yaleyale.

Aliyeanza kuona ni nesi wetu. Siku moja alinifungulia kitabu chake cha wagonjwa, safu ya majina ameifunika kwa rula, akasema, "Madamu, wewe tazama siku tu." Matumbo yalikuwa yanauma Jumapili jioni na Jumatatu asubuhi. Katikati ya wiki yalipoa. Mwezi wa Septemba yaliuma siku yoyote, na mwisho wa Oktoba yakatulia karibu yote. Sijasomea udaktari, lakini sijawahi kusikia kidonda kinachofuata kalenda ya shule.

Mimi hufundisha Kiswahili na Dini katika shule ya mseto ya bweni upande wa Kieni, pale ambapo Mlima Kenya uko upande mmoja, safu ya Nyandarua upande wa pili, na upepo hauna pa kupita ila katikati yetu. Juu ya vipindi hivyo nimepewa idara ya ushauri nasaha. Idara yenyewe ni mimi, mwenzangu wa Kilimo, na chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Vipindi vyangu vya darasani havikupunguzwa hata kimoja.

Idara kama hii, katika shule zetu, imezaliwa na moto. Mei 1999 viranja wanne wa Nyeri High School waliteketezwa na wanafunzi wenzao chumbani mwao usiku. Machi 2001 wavulana 67 wakafa bwenini Kyanguli, Machakos. Mwaka huohuo jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilichunguza chanzo cha fujo shuleni, na ushauri nasaha ukawa miongoni mwa yale lililohimiza. Mwaka huohuo pia kiboko kilipigwa marufuku kisheria. Kwenye karatasi, mazungumzo yalikuwa yachukue nafasi ya fimbo. Kwenye shule nyingi fimbo ilijificha kidogo na mazungumzo yakapewa stoo. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zikachomwa, nyingi katika muhula wa pili, na tangu hapo mwalimu wa ushauri huulizwa swali moja na wakubwa wake: nani anapanga kuchoma?

Swali langu mimi ni dogo kuliko hilo. Nataka kujua kama huyu mtoto, Jumanne saa kumi jioni, anajua mwenyewe kinachomsumbua.

Mara nyingi hajui, na si kwa ubutu wa akili. Mtoto wa Kieni akimtazama ng'ombe kutoka mbali atakuambia kama hajala, kama ana homa, kama amebakisha siku chache azae. Mwulize yeye mwenyewe yukoje, utaambiwa yuko sawa. Ukimbana zaidi, utaambiwa tumbo linauma. Na hawa ni wanafunzi wangu wa insha, watu wanaojaza kurasa nzima kwa furaha ghaya, simanzi na moyo kwenda mbio, kwa sababu mtahini wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, anapenda msamiati. Msamiati wanao. Ila hakuna aliyewaambia kwamba maneno yale yaweza pia kuwahusu wao, leo, kabla ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo tulianza na mwili. Daftari la kawaida la kurasa 48 tunalikata nusu kwa msumeno wa fundi wa shule, litoshe mfuko wa sweta. Kila jioni, kabla ya kipindi cha masomo ya usiku, darasa lote linakaa kimya dakika mbili. Mwanafunzi anaandika saa ya hali anayoikumbuka zaidi siku hiyo. Anaandika mwili uko juu au uko chini: umechangamka, umekaza, au umelegea. Anaandika kama hali hiyo ni tamu au chungu. Anatoa namba, moja ya chini kabisa hadi tano ya juu. Jina la hisia anaweka kama analo. Kama hana, anaacha nafasi. Mwisho anaandika jambo moja lililotangulia: nani alisema nini, alikula nini, alilala saa ngapi. Si barua, si shajara ya kumwaga moyo. Mistari mitatu inatosha.

Lugha ni juu yao. Nimeruhusu Kikuyu, Kimeru, Sheng, Kiingereza cha kuvunjika, michoro pia. Mtu hawezi kulazimishwa kukasirika kwa Kiswahili sanifu, hata na mwalimu wa Kiswahili. Chati zile za nyuso za manjano zinazopatikana kwenye intaneti hazifiki mbali na kijana wa miaka 16; atachagua uso unaocheka ili jirani yake asimcheke. Mwili hauna aibu hiyo. Taya limekaza, mabega mazito, mikono baridi: haya mvulana anayaandika bila kuona kwamba amejidhalilisha.

Wenzangu wa Sayansi walitaka ushahidi, na upo. Mwaka 1986 James Pennebaker na mwenzake huko Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo, juu ya yale yaliyowaumiza. Miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wale walioandika mambo ya kawaida. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mtu anapoipa hisia jina, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari hutulia kiasi. Hapa kwetu Kenya, vijana wa shirika la Shamiri wamekuwa wakifanya vikao vya vikundi na wanafunzi wa sekondari, wakiongozwa na vijana wa miaka 18 hadi 22 badala ya madaktari, na majaribio yao yamechapishwa katika majarida makubwa ya tiba. Niliyasema haya kwenye mkutano wa walimu, yakasikilizwa kwa adabu. Kilichowashawishi ni yale madaftari yenyewe, au tuseme yale ambayo wanafunzi walikubali kutuambia kutoka humo.

Hisia moja ya siku moja haifundishi kitu. Ulikasirika Alhamisi, basi, nani hakasiriki. Kazi inaanza baada ya wiki nne, mwanafunzi anapochukua penseli na kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa, akizungushia duara kila namba ya chini. Hapo mimi huondoka mbele ya darasa na kukaa nyuma. Kimya cha dakika kumi, kisha unaanza kusikia watu wakicheka peke yao.

Jumapili ilijitokeza kwanza, kama nesi alivyokuwa ameona. Nilidhani ni wale ambao siku ya kutembelewa hawakuona mtu langoni. Wamo, lakini wengi zaidi walikuwa wale waliotembelewa. Mama amekuja na chapati na kuku kwenye bakuli la plastiki, amekaa saa mbili kwenye nyasi, na kabla ya kupanda matatu ametaja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba shosho amelazwa, kwamba mahindi yamekauka, kwamba tembo wameingia shambani, kwamba baba amerudia pombe. Kisha ameondoka. Mtoto anabaki na chapati na habari, na kengele ya masomo ya usiku inalia.

Halafu karo. Tuna wanafunzi kutoka Othaya na Tetu, kwenye majani chai, na madaftari yao yana umbo ambalo yeyote aliyekulia huko angelitambua bila kuambiwa. Septemba yote namba ziko chini. Oktoba wazazi wakilipwa bonasi ya chai, zinapanda. Watoto wa kahawa wana miezi yao. Wale wa Kieni, wanaotegemea viazi, vitunguu na mvua isiyoeleweka, hawana umbo lolote, nayo ni hofu ya aina yake.

Msichana mmoja alikuwa anaamini kwamba anachukia Hisabati. Alishaniambia, na alishamwambia mwalimu wa Hisabati, kwamba kichwa chake hakikuumbwa kwa namba. Alipozungushia duara zake aliona mikono baridi, kifua kimebana, namba mbili, namba moja, karibu kila mara ni kipindi cha baada ya mapumziko ya asubuhi. Hicho ndicho kipindi cha Hisabati cha darasa lao. Hicho pia ndicho kipindi ambacho karani wa karo alikuwa akija mlangoni na karatasi yake kusoma majina ya wenye deni, mbele ya wote. Alinyanyua kichwa akasema, "Kumbe si hesabu!" Sikumfanyia chochote. Baadaye alipata C+ katika Hisabati, na kama kuna uhusiano siwezi kuapa.

Julai ni hadithi nyingine. Asiyeishi huku hawezi kuelewa Julai ya Nyeri: wingu limekaa juu ya paa, mlima hauonekani, manyunyu hayakomi, na watoto wanaamshwa kabla ya alfajiri kuoga maji yanayouma kama pilipili. Mitihani ya majaribio iko mbele na muhula hauishi. Darasa zima namba zinashuka. Walipobandika wastani wa miezi ukutani, walikaa wakitazama mteremko wa Julai kwa muda, mmoja akasema kwa sauti kwamba alikuwa akidhani ni yeye pekee anayeoza. Wengine waligundua jambo la usingizi: anayekesha akisoma kwa tochi ndani ya blanketi hugombana baada ya siku mbili, si kesho yake. Hilo sikulijua, na nimelala bwenini kama mwalimu wa zamu miaka mingi.

Wapo ambao daftari liliwapeleka mahali pagumu zaidi. Kuna kijana wa Kidato cha Tatu, nimebadilisha mambo madogo asitambulike, aliyekuwa na mikono myepesi. Ngumi zake zilijulikana mabweni yote, na faili yake ya nidhamu ilikuwa nene. Alikuja stooni, akafungua ukurasa mmoja, akaufunika nusu kwa kiganja. Ijumaa, saa kumi na moja, moja. Ijumaa, saa kumi na moja, moja. Ijumaa tena. Baba yake hulipwa kibarua Ijumaa, na akilipwa hunywa. Nyumbani kuna mdogo wake wa kiume. Enzi alipokuwa shule ya kutwa, Ijumaa jioni yeye ndiye aliyekuwa akisimama katikati. Sasa yuko bwenini, na saa kumi na moja ikifika mwili wake unajiandaa kwa vita ambavyo viko mbali naye, na anayepita karibu ndiye anayekula ngumi. Pombe zetu za mlima si mzaha. Februari 2024 watu wasiopungua 17 walikufa kijijini Kangai, Kirinyaga, kwa kileo cha sumu, na baadhi ya wanafunzi wetu wanasikia habari kama hizo wakihesabu watu wa nyumbani.

Tulifanya jambo dogo. Simu ni marufuku kwa wanafunzi, lakini naibu wa mwalimu mkuu alikubali kwamba kila Ijumaa saa kumi na moja kasorobo kijana huyu ampigie mdogo wake kwa simu ya mwalimu wa zamu, dakika tano. Jirani mmoja, mama wa kanisa, akakubali mtoto awe anashinda kwake jioni hiyo. Baba hajabadilika. Ngumi zimepungua, hazijaisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nimeligombania kuliko yote. Usiku wa Septemba 5, 2024, bweni la Hillside Endarasha liliungua, hapahapa Kieni, na wavulana 21 walikufa. Walikuwa watoto wa shule ya msingi. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo ya kitaifa. Huku kwetu wazazi walifika langoni kabla ya kiamshakinywa, wengine kuchukua watoto, wengine kuwagusa tu na kurudi. Bwenini kwetu walilala na viatu miguuni kwa wiki kadhaa. Kila mlango ulikaguliwa, na ilistahili.

Katika mkutano wa walimu mtu akapendekeza madaftari yakusanywe kila Ijumaa na kusomwa ofisini, ili anayepanga ubaya ajulikane mapema. Wengi waliafiki. Niliuelewa woga wao, kwa maana nilikuwa nao. Nikakataa. Nilisema siku daftari litakaposomwa ndiyo siku litakapogeuka insha. Mtaletewa furaha ghaya kutoka jalada hadi jalada, na yule mwenye kinyongo atakuwa wa kwanza kuandika kwamba anaipenda shule yake. Nilisema pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ina masharti juu ya habari za watoto, na hapo ndipo mwalimu mkuu aliponyanyua macho. Wakati mwingine hoja ya utu inahitaji kusindikizwa na hoja ya mahakama.

Tulikubaliana hivi: daftari ni la mwanafunzi, linakaa kwenye sanduku lake chini ya kufuli lake, na hakuna mwalimu anayelifungua. Ijumaa kila mmoja anadondosha kipande cha karatasi kwenye debe, chenye namba ya wiki na sababu moja, bila jina. Debe ndilo linalokwenda ofisini. Na debe limefanya kazi kuliko upelelezi wowote. Karani haji tena darasani. Majina ya wenye deni hupelekwa kwa wazazi kwa ujumbe wa simu. Uji wa saa kumi ulirudishwa baada ya karatasi nyingi kuandikwa neno moja, njaa. Maji ya kuoga ya Julai bado tunayapigania, kuni ni ghali.

Siri ina mpaka, nao nauweka siku ya kwanza: ukiniambia unataka kujidhuru au kumdhuru mtu, sitanyamaza, na utakuwa wa kwanza kujua ninakwenda kwa nani. Daftari halitibu. Kuna watoto ambao kuandika huwazamisha. Wanazunguka jeraha lilelile kila jioni na namba haipandi. Hao ninawaambia waache kuandika, waende uwanjani au kwenye bustani ya mwenzangu wa Kilimo, na ninakaa nao. Namba moja ikiendelea wiki mbili, mtu akianza kugawa vitu vyake, hiyo si kazi ya mwalimu wa Dini tena. Ni hospitali.

Na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu ya jina. Kwa Mkenya yeyote Mathari ni ile hospitali ya akili ya Nairobi. Sisi Nyeri tuna Mathari yetu, misheni ya Wakonsolata yenye kanisa na hospitali ya kawaida kabisa, ambako nusu ya wanafunzi wangu walizaliwa. Mzazi mmoja nilipomwambia mtoto aonwe na mtaalamu aliniuliza, kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ni Mathari gani?" Tulicheka wote wawili, kisha akalia. Hofu nyingine ilikuwa ya polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia zilikuwa zikificha watoto badala ya kuwapeleka hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Nimewaeleza wazazi hilo katika kila mkutano tangu hapo, pamoja na namba 116 ya Childline ambayo hupigwa bila malipo.

Januari 2026 tulipokea Gredi ya 10 ya kwanza, watoto wa mtaala mpya. Hawa ni kiumbe tofauti. Wamefundishwa kujitambua tangu chekechea na wanazungumza juu ya hisia bila kupepesa macho. Tatizo lao limegeuka: maneno ni makubwa mno. Jaribio moja la Kemia likienda vibaya mtu ana depreshoni. Rafiki akikaa meza nyingine ni troma. Wameyapata TikTok. Kwao nimegeuza mpangilio wa mistari: namba kwanza, mwili, kilichotangulia, na jina la hisia mwisho kabisa, baada ya kulala. Asubuhi wengi hulifuta jina na kuandika dogo zaidi. Mmoja alifuta "depreshoni" akaandika "nilikosa soksi kavu".

Muhula ujao nataka walimu wenyewe waandike. Wawili wamekubali. Wa tatu, mzee wa Fizikia anayekaribia kustaafu, amekataa katakata. Anasema hana haja ya daftari kujua hisia zake; hushuka tarehe ishirini na moja, zikakaa chini hadi mshahara uingie, zikapanda siku mbili, kisha akiona makato ya nyumba na ya bima ya afya ya SHA zinaanguka tena. Nimemwambia huo tayari ni ukurasa wa kwanza, na kwamba nitamkatia daftari lake kwa msumeno mimi mwenyewe.